Filimbi ya Bwana Tadeo

Jumatatu, 11 Septemba 1961

Kuta tena. Asubuhi kuta, mchana kuta. Mabega yamechoka, pua imejaa vumbi la mbao.

Bi Zuhura, mama mwenye nyumba yangu hapa Mirongo, ameniuliza tena tunafanya nini huko kiwandani. Nimemweleza tena. Ukuta tunaupigilia misumari ukiwa umelala juu ya meza kubwa, fremu, mbao, tundu la dirisha, kila kitu. Kisha tunausimamisha, tunaubeba mpaka kwenye lori, na lori linaupeleka Butimba kuunganishwa na wenzake. Nyumba nzima inakwenda vipande vipande. Bi Zuhura hasadiki. Anasema nyumba isiyo na udongo ni sanduku. Sikubishana naye.

Kuusimamisha ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa umelala, ukuta ni mbao tu. Ukianza kuinuka unakuwa na akili zake. Wote tunakaa upande mmoja, tunaufikisha kiunoni, kifuani, halafu tunasukuma. Mmoja akichelewa, uzito wake unamhamia jirani. Ndiyo maana tuna Luhende.

Luhende ni shemeji yangu, amemwoa Agnesi, mdogo wangu. Msukuma wa Kwimba. Kwao alikuwa ningi, yule anayetunga nyimbo na kuwaongoza watu kwenye ngoma na kwenye kulima kwa pamoja, na hajaacha kuringa kwa hilo hata siku moja. Anaimba, sisi tunaitikia. Mimi Mkerewe nusu ya maneno yake siyaelewi. Mikono inaelewa. Akikata wimbo kuvuta pumzi, panakuwa kimya kidogo, na hapo ndipo tunapoinua. Hatuinui kwenye sauti. Tunainua kwenye kile kimya. Mgeni hawezi kujua mpaka aambiwe.

Jumatano, 20 Septemba

Nyapara wetu, Bwana Tadeo, amekuja kazini na viatu vipya. Vyeusi, vinang'aa, vinalia kila akipiga hatua. Kwenye kiwanda kilichojaa maranda na matope.

Luhende hakukawia. Kufika ukuta wa pili, viatu vilikuwa tayari ndani ya wimbo. Aliimba kwa Kiswahili, makusudi, ili kila mtu apate. Viatu vimewahi kazini, mwenye viatu bado yuko njiani. Tulicheka mpaka mwenzetu Juma Abdallah akashindwa kushika ukuta, ikabidi tuulaze na kuanza upya. Bwana Tadeo alisimama pale anatazama ziwa kama vile hasikii.

Nilimwambia Luhende jioni kwamba yule mtu hakucheka. Akanijibu kwamba kwao ningi humtania hata mtemi mbele ya watu wake, na mtemi hucheka, na akiwa mwungwana hutoa na mbuzi. Ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi.

"Tadeo si mtemi," nikamwambia.

"Basi ajifunze."

Ijumaa, 29 Septemba

Marufuku kuimba kiwandani. Amri ya Meneja, alivyotusomea Bwana Tadeo.

Meneja ni Mzungu aliyekuja mwaka huu. Kiswahili chake ni cha kuagiza chai. Wimbo wa viatu hakuuelewa na asingeujali. Kuna mtu alikwenda kumnong'oneza kwamba watu wanaimba siasa, wanatukana wakubwa, Uhuru umewapanda kichwani. Sote tunamjua mtu huyo. Anatembea huku analia miguuni.

Kuanzia leo ni filimbi. Bwana Tadeo ameivaa shingoni kwa kamba, kama refa. Akipuliza, inua. Akipuliza tena, sukuma. Anapuliza akijisikia kupuliza. Mara tumeinama bado hatujashika vizuri, mara tumeshika mpaka mikono inatetemeka naye anaongea na dereva.

Namchukia. Naandika hivyo hivyo.

Jumanne, 10 Oktoba

Juma Abdallah amepoteza kidole. Cha shahada, mkono wa kulia. Filimbi ililia naye anauhamisha mkono atafute pa kushikia, wenzake wakainua, ukuta ukayumba ukarudi mezani na kidole kipo chini. Hakupiga kelele. Alisema tu "Yallah" na kukaa chini.

Bwana Tadeo aliita uzembe. Alisema hata jeshini watu wanafuata filimbi.

Mimi ukucha wa mguu umekwenda wiki iliyopita, sikuandika, niliona aibu. Mwingine amepasuka kidevu. Tulipokuwa na wimbo tulipata michubuko na vibanzi, kazi ya mbao haiachi kukuchoma. Lakini hivi haikuwa.

Tena wanaharakisha. Meneja anataka nyumba zote za Butimba zisimame kabla ya Desemba, makarani wapya wa serikali wazikute. Wameajiri watu wapya. Mmoja kwenye genge letu, Onyango, Mjaluo wa upande wa Shirati. Kijana mpole, ana nguvu kama trekta. Yeye anaijua filimbi tu. Wimbo hajausikia kamwe.

Jumatano, 18 Oktoba

Luhende ameanza tena. Midomo ameifunga, anaguna puani. Ukiwa mbali husikii kitu. Ukiwa ubavuni kwake unasikia wimbo mzima, na unasikia akivuta pumzi. Sisi wa zamani tunainua naye, na Bwana Tadeo akituona tumeshaanza ndipo anapuliza haraka haraka, anadhani tumemtii yeye. Mchana tulicheka mpaka machozi.

Sikucheka sana. Onyango na wale wapya wanangoja filimbi. Leo upande wetu ulitangulia, wao wakafuata, ukuta ukapinda katikati kama jamvi. Nilimwambia shemeji. Akasema masikio yao yatafunguka tu, mbona langu la Kikerewe lilifunguka.

Hawezi kuacha. Nimemtazama. Hata akijaribu kuacha, kifua kinaguna chenyewe.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Sakafu matope. Ukuta mrefu, ule wa upande wa barabara, wenye madirisha mawili.

Luhende kwenye kona. Alivuta pumzi. Sisi tukainua. Wale wapya wakangoja. Ukuta ukajipinda, ukateleza kwenye meza. Hapo ndipo Tadeo akapuliza, mara mbili mfululizo. Onyango na wenzake wakasukuma kwa nguvu zao zote, kama walivyoambiwa.

Ukamwangukia shemeji mguuni. Wa kushoto, chini ya goti.

Nilikuwa nimeushika. Ulinitoka mikononi.

Jumapili, 22 Oktoba

Wameukata. Daktari amesema mfupa ulikuwa vipande, haukuwa na pa kuungia.

Agnesi hakulia mbele ya watu. Alikaa kwenye benchi la hospitali na kanga yake imeloa, akaniuliza swali moja tu. "Kaka, na wewe ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. Hakuniuliza tena.

Luhende amelala. Usingizini anaguna.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimerudi kazini. Mvua inayoingizwa na upepo imeosha damu sakafuni, hakuna aliyehitaji kufagia. Ule ukuta wameukagua, wamebadilisha mbao mbili, wameupaka rangi. Mchana tuliupakia kwenye lori. Karani fulani ataweka kitanda chake pembeni yake na hatajua.

Bwana Tadeo amesema mbele yetu sote kwamba Luhende amejivunja mguu mwenyewe. Alikuwa anaimba wakati kuimba kumekatazwa. Amesema afisa wa kazi atakuja kuuliza, na kila mtu aseme alichosikia.

Sasa nimeelewa. Ikithibitika aliimba, amevunja amri kwa makusudi, na kampuni imenawa mikono. Hakuna fidia, hakuna kazi ya kukaa getini, na chumba cha kota ya kampuni anamoishi na Agnesi atakirudisha. Ikiwa hakuna aliyesikia kitu, basi aliyeumiza mtu ni filimbi.

Alhamisi, 2 Novemba

Tumekutana kwa Juma Abdallah baada ya kazi, genge zima. Mke wake alitupa kahawa. Tumekubaliana. Hakuna aliyesikia chochote. Kulikuwa na mvua juu ya bati, tungesikiaje?

Nilikuwa na wasiwasi na Onyango. Yeye hakunywa kahawa yake, alishika kikombe tu. Mwishowe akasema, "Kaka, mimi nilisukuma. Mikono hii ndiyo ilisukuma. Mkiniambia nilikuwa kiziwi, nitakuwa kiziwi." Juma Abdallah akamshika bega kwa ule mkono wa vidole vinne.

Nimetembea kurudi nyumbani karibu na furaha. Nilifikiri tumeshinda.

Ijumaa, 10 Novemba

Mpumbavu. Mpumbavu. Mpumbavu.

Niandike sawasawa. Tuliitwa kwenye stoo ya misumari, wakaweka meza. Afisa wa kazi, Mwafrika, kijana, mstaarabu, alitupa hata viti. Meneja upande huu, Bwana Tadeo upande ule. Juma Abdallah hakusikia. Mimi sikusikia. Onyango alikuwa kiziwi, alifanya vizuri kuliko sisi sote. Afisa alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Nilimwona Bwana Tadeo akifungua kifungo cha shingo.

Kisha wakamwingiza Luhende kwa magongo yake. Amekonda. Agnesi alimvalisha shati lake la kanisani. Nilikuwa nimemweleza kila kitu hospitalini, neno kwa neno, naye alinisikiliza akiwa ametazama dari. Nilidhani kimya kile ni kukubali.

Afisa akamwuliza, "Wenzako wote wanasema hapakuwa na wimbo siku ile. Ni kweli?"

Luhende akatutazama mmoja mmoja. Akanifikia mimi. Akasema, "Wananihurumia, bwana mkubwa. Niliimba."

Hakuishia hapo. Angeishia hapo labda mtu angesema ana homa. Akasimama, akaegemea magongo, akasema hajawahi kuongoza watu akiwa kimya tangu ameota ndevu. Akasema wote wangeufuata wimbo, ukuta usingeanguka. Akasema ikiandikwa kwamba alikuwa kimya, basi watu watasema ukuta ulimwangukia Luhende amesimama kama gogo, hana la kufanya. Hilo hataki.

Yote ni kweli. Kila neno. Ndiyo maana sijui nimpige nani.

Afisa aliweka kalamu chini. Nilimwona hakutaka kusikia. Alimwuliza tena, taratibu, kama anampa mlango wa kutokea: je, ilikuwa ni kuguna tu kwa ajili ya uzito, kama mtu yeyote anavyoguna? Luhende akaona ametukanwa.

"Kuguna huguna ng'ombe," akasema. "Mimi niliimba."

Jumatatu, 13 Novemba

Amri imevunjwa kwa makusudi. Kampuni haihusiki. Kota warudishe mwisho wa mwezi huu, ila Meneja ameona huruma, amewaachia mpaka Krismasi. Huruma!

Na sisi tumeonywa kwa kusema uongo. Onyango alikuwa ameanza kutabasamu aliposikia jina lake, alidhani anasifiwa.

Jumanne, 21 Novemba

Nimekwenda kotani na mafurushi ya dagaa. Nimegombana na Luhende. Nilikuwa nimejizuia tangu siku ile, leo sikuweza. Nilimwambia ameuza mguu wake na nyumba ya mdogo wangu kwa ajili ya sifa. Nilimwambia hakuna mtu mjini hapa anayejua ningi ni nini wala anayejali.

Alikuwa anachonga gongo, lile la hospitali linamchoma kwapani. Aliendelea kuchonga. Akasema, "Shemeji, mguu ulikuwa umeshakwenda. Ulitaka nitoe na kingine?"

Nikatoka. Agnesi alinisindikiza mpaka bombani. Nilitegemea aniunge mkono, yeye ndiye anayelala bila kujua kesho. Akasema ana hasira naye kiasi cha kutotaka kumpakulia chakula. Halafu akasema mumewe angesema vingine siku ile, yeye asingemtambua. Wanawake wa kwetu hawakuwa hivi. Amekaa na Wasukuma mno.

Haimbi tena, kaniambia. Hata kuguna. Usingizini kimya.

Jumatano, 6 Desemba

Leo nimeona ambalo sikutegemea kuliona. Bwana Tadeo kotani, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya matope, anapiga hodi kwa Luhende.

Nilikuwepo, nilikuwa naziba paa linalovuja. Alikaa ukingoni mwa kiti. Kesho ni kukabidhi nyumba Butimba. Watakuja wakubwa, wa zamani na hawa wanaokuja, na Meneja anataka wageni waone ukuta wa mwisho ukisimamishwa. Na anataka wafanyakazi waimbe. Mtu amemwambia wageni wanapenda Waafrika wakifanya kazi kwa nyimbo, inaonyesha furaha ya Uhuru.

Kwa hiyo Luhende aje. Gari litamfuata. Atakaa kwenye kiti.

"Niimbe nini?" Luhende akauliza.

"Wowote," Bwana Tadeo akasema. Akavisogeza viatu nyuma ya kiti. "Isipokuwa ule wa viatu."

Nilingoja Luhende amtukane. Nilitamani. Luhende alimwangalia miguu, ile mitupu yenye matope, muda mrefu, akasema, "Kaka, mimi sina kifua tena. Tafuta mwingine." Alisema kwa upole kabisa. Akamwita Agnesi amletee mgeni maji ya kunawa miguu.

Bwana Tadeo alinawa. Alipotoka alisahau kuaga.

Alhamisi, 7 Desemba

Butimba. Nyumba zimepangwa mstari, nyeupe, zimesafishwa na mvua. Nzuri, sitadanganya. Niliutafuta ule ukuta wa madirisha mawili. Nimeupata. Wameshatundika pazia.

Wageni chini ya turubai. Ukuta wa mwisho umelazwa kwenye nyasi. Tukainama, tukashika. Bwana Tadeo akatusogelea na tabasamu la wageni, akasema kwa sauti ya chini, "Haya. Imbeni."

Hatukuwa tumepanga. Naapa hatukupanga. Kila mtu alimtazama mwenzake na hakuna aliyekuwa na wimbo wa kuanzisha. Tukabaki tumeinama hivyo, watu wazima, tumeshika mbao, mvua inatuingia shingoni.

"Imbeni, jamani," akasema tena. Safari hii kama anaomba.

Tukazidi kukaza mikono kwenye mbao.

Akaishika filimbi. Akapuliza. Tukainua kila mtu kivyake, ukuta ukayumba huku na huku, mke wa mkubwa mmoja akashika mdomo, Onyango akauzuia kwa mgongo wake. Ukasimama. Wageni wakapiga makofi. Mkubwa mmoja alihutubia, akasifu nidhamu yetu, watu wanaofanya kazi kimya kimya bila kupiga domo. Akasema nchi mpya inahitaji watu kama hao.

Meneja akatangaza pale pale kwamba kuanzia Januari Bwana Tadeo ndiye msaidizi wake. Makofi tena. Mgongo wa Onyango umechunika tangu bega hadi kiuno.

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru. Mji mzima barabarani. Ngoma kila kona, bendera mpya, watu wanakumbatiana hata na wasiowajua. Bi Zuhura amepika pilau ya kugawa. Mimi nilicheza, na mimi ni mtu, nilikuwa nimeingoja siku hii tangu shuleni.

Nilipopita kotani, kulikuwa na kundi la Wasukuma wanacheza uwanjani, mamia, wanahitaji mtu wa kuwaongoza. Luhende alikuwa dirishani. Alifunga dirisha.

Nikarudi nyumbani mapema. Furaha ilikuwa imenitoka.

Alhamisi, 21 Desemba

Wameondoka leo kwenda Kwimba, kwa baba yake.

Nilimpata dereva wa lori la chumvi anayepita huko. Mvua ilikuwa imepumzika, ziwa limepanda mpaka kwenye mawe wanakofulia wanawake. Vitu vyao havikujaza hata kona. Magodoro, sufuria, jembe, mkeka. Agnesi aliingia mbele na dereva. Alinishika mkono kwa dirishani, akasema niwe nakula.

Luhende ilibidi apandishwe nyuma, juu ya magunia. Lori refu. Tulikuwa mimi, Juma Abdallah na Onyango, tuliomba ruhusa ya nusu siku, Bwana Tadeo aliitoa bila kututazama. Tukamkalisha Luhende juu ya mbao, mimi upande huu, Onyango upande ule, Juma nyuma kwa kushika mgongo. Tukainama. Hapo tukakwama. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Onyango alinitazama. Mimi nikamtazama Juma.

Luhende akacheka, mara ya kwanza tangu Oktoba. Akasema, "Mtaniangusha tena nyie."

Kisha akaanza. Si kwa nguvu. Ule wa viatu. Midomo wazi, hapo barabarani, watu wanapita. Viatu vimewahi kazini, mwenye viatu bado yuko njiani. Tuliitikia mimi na Juma. Nikamwona Onyango anasikiliza, ameinamisha kichwa karibu na kifua cha Luhende kama mtu anayetafuta saa inayolia.

Luhende akavuta pumzi.

Tukamwinua. Wote, na Onyango, mara moja. Alipanda mpaka juu ya magunia kama hana uzito. Nikampa magongo yake.

Hakuna aliyeumia.